Meyer, Meya na Nyapara: Asili ya Jina Moja la Kijerumani

Katika sehemu za Saboti, Kitale na Bungoma, jina la mtu si sauti tupu. Mwanamume aitwaye Wafula hujulikana mara moja kwamba alizaliwa wakati wa mvua, au kwamba amepewa jina la mzee wa ukoo aliyezaliwa wakati huo. Aitwaye Wekesa ni wa majira ya mavuno, na Simiyu ni wa kiangazi. Kwa sababu hiyo watu wengi wasikiapo majina ya Wazungu, kama Meyer, Koch au Fischer, huuliza kama majina hayo nayo yana maana, au kama yaliwekwa tu ili kutofautisha mtu na mwenziwe.

Jibu ni kwamba yana maana, na mengi kati ya hayo ni majina ya kazi. Koch maana yake ni mpishi. Fischer ni mvuvi. Schmidt ni mhunzi, Müller ni mwenye kinu cha kusaga nafaka, Schneider ni mshonaji nguo, na Weber ni mfumaji. Majina hayo, pamoja na Meyer, ni miongoni mwa majina yaliyoenea kupita yote katika Ujerumani.

Hapa litaelezwa jina la Meyer. Limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, jina hilo limo katika historia ya Afrika ya Mashariki. Pili, kazi lililotokana nayo inajulikana sana na watu wa Trans Nzoia. Meyer maana yake ni msimamizi wa shamba la bwana mkubwa. Kwa lugha ya mashamba ya Kitale, ni nyapara.

MZIZI WA JINA

Asili ya neno hili si Kijerumani bali ni Kilatini, lugha ya dola ya Warumi. Katika Kilatini neno maior maana yake ni "mkubwa zaidi". Dola ya Warumi ilipoanguka katika Ulaya ya Magharibi, Kilatini kilibaki kuwa lugha ya makarani na ya Kanisa, na wafalme wa watu walioitwa Wafaranki walilitumia neno hilo kwa wasimamizi wao. Msimamizi wa jumba la mfalme aliitwa mkubwa wa nyumba, na msimamizi wa shamba la mfalme aliitwa mkubwa tu.

Mkubwa wa nyumba alikuwa mtumishi, lakini mtumishi mwenye kushika funguo za ghala zote. Kadiri wafalme walivyozidi kuwa dhaifu, ndivyo watumishi hao walivyozidi kuwa na nguvu. Hatimaye, mwaka 751, mkubwa wa nyumba aliyeitwa Pippin alimwondoa mfalme wake na kujifanya mfalme mwenyewe.

Mwana wa huyo Pippin ndiye Charlemagne, mfalme mashuhuri kupita wote wa zama zile. Yapata mwaka 800 ilitolewa amri ndefu juu ya utunzaji wa mashamba ya mfalme. Ndani yake mna maneno juu ya wasimamizi ambayo yanastahili kufikiriwa hata leo. Amri ilisema kwamba msimamizi asipewe eneo kubwa kuliko lile awezalo kulizunguka na kulikagua kwa siku moja. Tena ilisema kwamba wasimamizi wasichaguliwe miongoni mwa watu wenye nguvu, bali miongoni mwa watu wa kawaida walio waaminifu. Msomaji hatashangaa kwamba ukoo uliopata ufalme kwa njia ya usimamizi uliona haja ya kuweka sharti kama hilo.

Kadiri miaka ilivyopita, neno maior lilibadilika katika vinywa vya Wajerumani likawa Meier. Lakini watoto wa neno hilo walienea katika lugha nyingine pia. Waingereza walilipata kupitia Kifaransa, wakalitumia kwa mkuu wa mji, na kutoka kwao Waswahili wakapata neno "meya". Kitale ilikuwa na meya wake mpaka mwaka 2013, mabaraza ya miji yalipovunjwa na serikali za kaunti kuanza kazi. Vilevile cheo cha "meja" katika jeshi kimetokana na neno hilohilo la Kilatini. Basi meya wa mji, meja wa jeshi, na Mjerumani aitwaye Meyer, wote watatu wamekunywa katika chemchemi moja.

KAZI YA MEIER

Katika karne zile sehemu kubwa ya ardhi ya Ujerumani ilikuwa mali ya mabwana wakubwa, nyumba za watawa na maaskofu. Bwana mmoja aliweza kuwa na mashamba mengi yaliyo mbali mbali, wala hakuweza kukaa katika kila moja. Kwa hiyo katika kila shamba aliweka Meier wake.

Meier alikaa katika boma lililo kubwa kuliko nyumba za wakulima. Kazi yake ilikuwa kuwagawia watu zamu za kulima shamba la bwana, kwa maana kila mkulima alidaiwa siku kadhaa za kazi bila ujira. Alikusanya kodi, ambayo mara nyingi ilikuwa nafaka, nguruwe, kuku na mayai. Tena mara nyingi aliongoza baraza la shamba, ambapo kesi ndogo ndogo za mipaka na mifugo zilisikizwa. Mbele ya bwana alikuwa mtumishi. Mbele ya wakulima alikuwa mtu wa kuogopwa.

Wazee waliopata kufanya kazi katika mashamba makubwa ya Trans Nzoia watamtambua mtu huyo bila shida. Wilaya hiyo ilianza kugawiwa walowezi wa Kizungu yapata mwaka 1913, na katika mashamba ya mahindi, kahawa na ng'ombe wa maziwa walihitajiwa wanyapara wa kupanga vibarua, kuhesabu kazi na kupeleka habari kwa mwenye shamba. Neno nyapara lenyewe nalo limesafiri. Lilitoka kwa Wanyamwezi, ambao waliwaita wakubwa wa misafara wanyampara. Watu wa pwani walilichukua katika biashara ya misafara, na baadaye likaingia katika mashamba na katika kazi za reli na barabara.

Hata hivyo iko tofauti moja iliyo kubwa. Nyapara wa Kitale alipostaafu, cheo chake kilimwacha. Mwanawe hakuitwa Nyapara. Kwa Wajerumani, cheo kiligeuka kuwa jina, na jina likarithiwa na wana na wajukuu ambao hawakusimamia hata bustani ya mboga. Yafaa kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea.

JINSI CHEO KILIVYOGEUKA KUWA JINA

Hapo kale Mjerumani alikuwa na jina moja tu, kama vile Hans au Heinrich. Katika kijiji kidogo jina moja lilitosha. Lakini kuanzia karne ya 12 miji ilikua, watu wakaongezeka, na majina yaliyopendwa yakawa machache. Katika mtaa mmoja waliweza kupatikana kina Hans kumi. Karani wa kodi alipoandika daftari lake alilazimika kuongeza neno: Hans mhunzi, Hans mwenye kinu, Hans Meier, Hans wa mlimani, Hans mwenye nywele nyekundu.

Mwanzoni neno hilo la pili lilikuwa maelezo tu. Lakini mambo ya urithi, madeni na hati za ardhi yalitaka mtu ajulikane kuwa mwana wa fulani hata baada ya baba yake kufa. Basi mwana aliandikwa kwa neno lilelile la baba, hata akiwa na kazi nyingine. Mpaka karne ya 15 desturi hiyo ilikuwa imeenea karibu katika nchi yote. Mwishowe, kwa sheria ya mwaka 1875, iliyoanza kutumika Ujerumani nzima tarehe 1 Januari 1876, kila uzazi, ndoa na kifo viliandikwa katika daftari la serikali, na jina likafungwa lisibadilike ovyo.

Kwa kuwa kila karani aliandika kama alivyosikia, jina hili moja lina sura nyingi. Kaskazini huandikwa zaidi Meyer, na kusini Maier, Mayer au Mayr. Tena kwa kuwa palikuwa na Meier wengi, waliongezewa maneno: Obermeier ni Meier wa juu, na Niedermeyer ni Meier wa chini. Hofmeyr, jina lijulikanalo sana katika Afrika ya Kusini, ni msimamizi wa boma la bwana. Huko Jan Hendrik Hofmeyr, aliyezaliwa mwaka 1894 na kufa mwaka 1948, alifika kuwa naibu wa waziri mkuu.

JINA NA ARDHI

Historia ya kina Meier haikuishia kwenye unyapara. Katika Ujerumani ya kaskazini magharibi mabwana waliona kwamba kumlipa msimamizi ni taabu, wakaanza kumkodisha shamba lenyewe kwa mkataba wa miaka kadhaa. Msimamizi akawa mpangaji. Baadaye, katika karne ya 16 na ya 17, upangaji huo ukawa wa kurithiwa, na watawala wenyewe waliulinda kwa sababu mkulima asiyehamishwa-hamishwa hulipa kodi vizuri. Katika karne ya 19 sheria zilimpa mkulima nafasi ya kujikomboa kwa malipo na kuwa mwenye shamba kamili. Katika nchi ya Hannover sheria hizo zilitolewa mwaka 1831 na 1833. Kwa hiyo jina lililoanza kuwa la mtumishi wa bwana lilikuja kuwa la mwenye shamba.

Katika jimbo la Westfalen palikuwa na desturi iliyo ngeni zaidi: jina lilishikamana na shamba kuliko mtu. Mwanamume aliyeoa binti mrithi wa shamba na kuhamia huko aliacha jina la baba yake, akatwaa jina la shamba. Watoto wake wote waliitwa kwa jina hilo. Kwa mtu wa Bungoma, ambaye ukoo hauachwi kwa ndoa, desturi hiyo itaonekana ya ajabu. Lakini maana yake ni wazi: kwao haki ya kulima ilikuwa kubwa kuliko damu, na jina lilikuwa ushahidi wa haki hiyo.

MEYER KATIKA AFRIKA YA MASHARIKI

Meyer ajulikanaye kuliko wote katika nchi hizi ni Hans Meyer, aliyezaliwa mwaka 1858. Hakuwa msimamizi wa shamba. Babu yake, Joseph Meyer, alianzisha mwaka 1826 kampuni ya kuchapa vitabu, na ukoo huo ulitajirika kwa kuchapa kamusi kubwa ya elimu.

Hans Meyer alijaribu kupanda Kilimanjaro mara ya kwanza mwaka 1887, akashindwa na barafu. Mwaka 1888 alirudi pamoja na Oscar Baumann, Mwaustria, lakini vita vya pwani chini ya Abushiri vilikuwa vimeanza. Wote wawili walikamatwa, wakaachiliwa kwa fidia. Msomaji apendaye maana za majina ataona jambo la kuchekesha hapa: Baumann ni jina la kale la mkulima. Mkulima na msimamizi wake, ambao katika shamba la bwana wangeketi mbali mbali, walishiriki kifungo kimoja.

Mwaka 1889 Meyer alirudi mara ya tatu, pamoja na Ludwig Purtscheller. Mwini Amani wa Pangani aliwatunzia kambi ya juu katika baridi kali, na tarehe 6 Oktoba 1889 wale wawili walifika kwenye kilele cha Kibo. Kilele hicho Meyer alikipa jina la mfalme wa Ujerumani, nalo lilidumu mpaka Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, kilipoitwa Uhuru.

Wako wengine wenye majina ya kazi waliofika pande hizi. Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, jina lake maana yake ni mtu wa mizabibu. Robert Koch, aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alikaa katika visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907 akichunguza ugonjwa wa malale. Yeye ni mpishi kwa jina. Carl Gotthilf Büttner, aliyefundisha Kiswahili huko Berlin, ni fundi wa mapipa. Hakuna hata mmoja wao aliyefanya kazi iliyotajwa na jina lake.

MAJINA YA SABOTI NA BUNGOMA

Kwa nini basi majina ya kazi hayakushika mizizi chini ya Mlima Elgon? Si kwa kukosa kazi wala vyeo. Babukusu walimwita omukasa kiongozi wa kijiji chenye boma, na kuanzia wakati wa ukoloni mkubwa wa kijiji ameitwa liguru. Wasamia walisifiwa mbali kwa kufua majembe ya chuma. Lakini jina la mtu lilikuwa na kazi nyingine. Lilimuunganisha mtoto na marehemu wa ukoo, na lilitunza habari za siku aliyozaliwa. Wanjala alizaliwa wakati wa njaa, Wanyonyi wakati wa palizi, Wangila safarini. Barasa ni jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa baraza. Binti huanzia na Na- au Ne-, kama Nafula, Nasimiyu na Nekesa. Wasabaoti, kama Wakalenjini wengine, wana majina ya namna hiyo, mengi yakianza na Kip- kwa wavulana na Chep- kwa wasichana.

Majina hayo hayakurithiwa kama ya Kizungu. Mwana wa Wafula aliweza kuwa Simiyu, na mwana wa Simiyu akawa Wekesa. Mabadiliko yalikuja na madaftari: la ubatizo, la shule, la kodi na la kipande. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kipande kilitaja jina la mtu na kazi aliyoajiriwa kufanya, lakini mahali mbali mbali. Kwa hiyo kazi haikugeuka jina, kama ilivyokuwa katika daftari la karani wa Kijerumani. Baadaye, shule na ofisi zilipotaka jina la ukoo, lililotolewa ni jina la baba.

Mfano ulio wazi ni ukoo wa Wamalwa. Jina hilo hutokana na malwa, yaani pombe. William Wamalwa alikuwa mbunge katika sehemu za Kitale. Mwanawe, Michael Kijana Wamalwa, alikuwa mbunge wa Saboti na akawa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 2003, mwaka aliokufa. Ndugu yake, Eugene Wamalwa, alichaguliwa mbunge wa Saboti mwaka 2007. Jina lililotaja wakati wa kuzaliwa mtu mmoja limekuwa la ukoo mzima, sawasawa na Meyer.

YATUPASAYO KUANGALIA

Historia hii ina mafundisho mawili yaliyo ya maana kwa kila nyumba.

La kwanza ni kwamba jina halitoshi kumhukumu mtu. Si kila Meyer ni mjukuu wa msimamizi. Wayahudi wana jina la kale la Kiebrania, Meir, maana yake mwenye kuangaza, na katika Ulaya wengi wao waliliandika Meyer au Mayer. Golda Meir, aliyekuwa waziri mkuu wa Israeli, alikuwa akiitwa Meyerson kwa ndoa, naye alilibadili jina mwaka 1956 ili liwe la Kiebrania. Majina mawili yenye asili mbali mbali yanaweza kufanana kabisa, kama vile majina ya jirani wa kabila jingine yawezavyo kufanana na ya kwetu bila udugu wowote.

La pili ni juu ya maandishi. Wajerumani wenye jina moja waligawanyika kuwa kina Meyer, Maier na Mayr kwa sababu ya kalamu za makarani, na leo mtu anayetafuta babu zake hulazimika kupekua madaftari yote hayo. Katika Trans Nzoia familia nyingi zilipata mashamba baada ya uhuru, ama katika mipango ya makazi ya serikali, ama kwa kununua pamoja katika vyama na kampuni. Hati za mashamba hayo zimeandikwa majina ya wazee ambao wengi wamekwisha kufa. Ikiwa mzee ameandikwa Barasa katika hati ya shamba, na mwanawe ameandikwa Baraza katika cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, siku ya urithi mwana huyo atatakiwa kuthibitisha kwamba yeye ndiye. Jambo dogo la herufi moja laweza kuchukua miezi mingi na fedha nyingi.

Kwa hiyo wazazi wanashauriwa wachague namna moja ya kuandika jina la ukoo, na kuifuata katika cheti cha kuzaliwa, shuleni, katika kitambulisho na katika hati ya ardhi. Kosa likionekana, lisahihishwe mapema, wakati mzee mwenye jina angali hai na aweza kutoa ushahidi. Vilevile inafaa mtoto apewe, pamoja na jina la ukoo, jina lake mwenyewe la majira au la marehemu kama ilivyo desturi, na maana yake iandikwe mahali pa kudumu. Kina Meyer walihitaji kusoma madaftari ya kale ili kujua kwamba babu yao alikuwa nyapara. Mtoto wa Saboti anaweza kuambiwa maana ya jina lake na bibi yake jioni hii.